Mahameli ya pembe za kulungu: kisa cha ncha moja iliyoanza kuoza

Kichwa kilifika karakana yangu ya kuhifadhi vichwa vya wanyama ndani ya mfuko wa nailoni, nusu kimeganda na nusu kimeyeyuka. Kilikuwa cha dume la kulungu mkia mweupe, aliyepigwa mshale jioni mwanzoni kabisa mwa msimu, wakati majira ya joto ya Amerika Kaskazini hayajaisha na pembe bado zimevaa mahameli, ile ngozi laini yenye vinyweleo inayozifunika zikikua. Mwindaji alifuata damu kwa saa kadhaa, akamkuta usiku, akamkokota kwa pembe hadi barabarani, akakata kichwa, akakifunga nailoni na kukilaza kwenye buti ya gari hadi asubuhi. Ndipo kikaingia friza. Ombi lake lilikuwa moja tu: anataka kichwa cha ukutani chenye mahameli yake yenyewe, si ya kubandika.

Watu huanza kwa kuuliza dawa gani itumike. Mimi naona swali hilo huja mapema mno. Mambo mawili huwa yamekwisha kuamua sehemu kubwa ya matokeo kabla chupa haijafunguliwa: pembe zilikuwa zimekomaa kiasi gani mnyama alipokufa, na damu imekaa ndani yake muda gani, kwenye joto lipi. Kisa hiki kinayaonyesha yote mawili katika kichwa kimoja, kwa sababu sehemu kubwa ya pembe ilikuwa salama kabisa huku ncha moja ikiwa imeshaanza kwenda.

Kilichomo ndani ya pembe

Pembe za kulungu si kama za swala, nyati au mbuzi. Pembe ya swala ni ala ngumu ya kitu kilekile kinachofanya kwato na kucha, imevaa juu ya kiini cha mfupa na haidondoki maisha yote ya mnyama. Ya kulungu ni mfupa mtupu. Huota juu ya vigutu viwili vya mfupa wa paji, hukomaa, hudondoka, na mwaka unaofuata huota upya. Hakuna mfupa mwingine wa mamalia unaokua upesi kiasi hicho. Kwa wapiti mkubwa, jamaa ya kulungu wa Amerika Kaskazini, shina la pembe laweza kurefuka kwa zaidi ya sentimita 2 kwa siku wakati ukuaji umepamba moto.

Kinachoulisha mfupa huo ni mahameli. Nayo ni ngozi kamili, yenye vinyweleo vifupi vilivyosimama, tezi za mafuta, neva, na mtandao mzito wa mishipa ya damu inayopanda kutoka pande za kichwa. Ukuaji wenyewe hutokea nchani. Kule juu kuna gegedu laini lililolowa damu. Ukishuka kuelekea kichwani unakuta gegedu limekwisha geuka mfupa. Siku zinapoanza kufupika, testosteroni, homoni ya dume, hupanda, madini huujaza mfupa, damu hukatika, mahameli hufa, na dume huisugua kwenye miti na vichaka. Mara nyingi kusugua huko huanza na kumalizika ndani ya siku moja.

Kwa hiyo dume aliyebakiza siku chache kabla ya kusugua na dume aliyebakiza mwezi mzima ni kazi mbili tofauti, hata kama kwa macho wanafanana. Wa kwanza ana mfupa mgumu hadi karibu na ncha na ngozi nyembamba juu yake. Wa pili ana ncha nene za mviringo zinazobonyea kwa kidole, na ndani yake kuna maji, damu na protini ya kutosha kulisha bakteria kwa siku nyingi. Fundi asiyebonyeza ncha kabla ya kutoa ahadi anaahidi kitu asichokijua.

Uchunguzi

Niliviangalia vitu vinne, kwa mpangilio uleule wa siku zote: rangi, ugumu, harufu, na ushikaji wa vinyweleo.

Mashina yote mawili yalikuwa magumu kuanzia kichwani hadi kupita katikati. Matawi mengi yalikuwa na ncha ngumu au zenye ulaini mdogo, dalili kwamba dume alikuwa karibu na mwisho wa ukuaji. Ncha ya shina la kulia haikuwa hivyo. Ilikuwa nene kuliko ya kushoto, inabonyea, nyekundu iliyokolea inayoelekea weusi, na imelowa. Pale ndipo kichwa kilipokuwa kimelalia ndani ya mfuko. Nilipovuta vinyweleo vya ncha hiyo kwa upole kwa vidole viwili vilitoka pamoja na utando wa juu wa ngozi, na harufu ilikuwa imeshabadilika. Kwingine kote vilishika. Kwenye tawi la kwanza la kushoto palikuwa na mchubuko ambapo mkono au mwamba ulikwaruza wakati wa kumkokota. Ngozi ya chini ilikuwepo, vinyweleo tu ndivyo vilivyokwenda.

Kunyonyoka kule hakuna fumbo. Tabaka la juu la ngozi hushikamana na la chini kwa kiungo chembamba, na bakteria pamoja na vimeng'enya vya mwili wenyewe hukivunja kiungo hicho mapema kuliko kitu kingine chochote. Nailoni ilifungia joto na unyevu ndani. Damu, baada ya kichwa kulazwa ubavu, ilitulia kwenye sehemu ya chini kabisa, ambayo ilikuwa ile ncha laini. Friza baadaye ilisimamisha uozo pale ulipofikia. Haikurudisha kilichokwisha kuachia, na hakuna dawa inayokirudisha.

Njia zilizokuwepo

Njia ya kwanza ilikuwa kukausha kwa baridi ndani ya ombwe. Kichwa kilichoganda huwekwa kwenye mtungi wa mashine, hewa hunyonywa, na barafu iliyo ndani ya tishu hugeuka mvuke moja kwa moja bila kupitia hali ya maji. Umbo hubaki karibu lilivyokuwa, hata kwenye ncha nene, na kwa pembe laini za katikati ya ukuaji naiona kuwa njia bora kuliko zote. Lakini ina masharti. Mtungi lazima uwe mpana wa kutosha kwa pembe hizo, kazi huchukua wiki kadhaa, na kichwa kinatakiwa kifike kikiwa kigumu kwa barafu. Hiki kilishaanza kuyeyuka. Kukigandisha upya kungeleta duru ya pili ya fuwele za barafu zinazopasua seli. Tena, kilichokaushwa hivyo hubaki na protini na mafuta yake yote, chakula kizuri kwa wadudu kisipotiwa kinga.

Njia ya pili, kuchoma dawa kwa sindano. Dawa ya jadi ni fomalini. Mjerumani Ferdinand Blum aligundua mwaka 1893 kwamba inakaza tishu, na tangu hapo maabara za dunia nzima zimeitumia. Fomaldehidi iliyomo hufunga protini moja na nyingine hadi bakteria na vimeng'enya havina pa kushika. Ile inayouzwa nzito ina fomaldehidi ya takriban asilimia 37. Sehemu yake moja kwa tisa za maji ndiyo huitwa fomalini ya asilimia 10, kwa hiyo fomaldehidi halisi ndani yake haifiki asilimia 4. Zipo pia dawa za kutengenezea ngozi zisizo na fomaldehidi, ambazo hupigwa sindano na kupakwa juu kwa brashi mara kadhaa. Kwa pembe zilizokaribia kukomaa zinafanya kazi nzuri. Kwa ncha iliyokwisha kuanza kuoza nilitaka kitu kinachokaza haraka.

Njia ya tatu ni kuivua mahameli yote, kuusugua mfupa, kuutoa mafuta, kisha kupaka gundi na kurushia nyuzi fupi za kutengenezwa zinazosimama kama vinyweleo. Mafundi hodari huifanya vizuri mno. Kwa kichwa kilichooza kotekote ndiyo njia pekee ya haki. Mwenye kichwa alikuwa ameikataa tangu mlangoni, na hali ya pembe haikunipa sababu ya kumshinikiza.

Palikuwa na jambo jingine la kumuuliza: je, anataka kichwa kipimwe kwa ajili ya vitabu vya kumbukumbu, ambamo vyama vya wawindaji huandikisha pembe kubwa? Boone and Crockett Club hawapokei pembe zenye mahameli. Lazima ivuliwe kwanza. Pope and Young Club, ambao huandikisha wanyama waliopatikana kwa upinde, wana kundi maalumu la pembe zenye mahameli. Wote wawili hutaka pembe zikauke siku 60 kabla ya kipimo rasmi. Mwindaji huyu alitumia upinde, kwa hiyo mlango mmoja ulikuwa wazi kwake. Swali hilo liulizwe kabla ya kazi kuanza, maana aliyevua mahameli hairudishi, na aliyelipia kuihifadhi halafu akaambiwa aivue amepoteza fedha yake.

Wapo wanaoleta vichwa vilivyonyunyizwa chumvi, shabu au boraksi, wakiamini vimeshahifadhiwa. Chumvi na shabu zikinyunyizwa juu hazifiki ndani ya ncha nene, na chumvi huacha fuwele katikati ya vinyweleo. Boraksi huwachukiza wadudu, lakini haikazi tishu. Hakuna hata kimoja kinachoitoa damu.

Tulikubaliana hivi: pembe zote zipigwe sindano, ncha ya kulia ivuliwe mahameli iliyokwisha kuachia na ijengwe upya kwa nyuzi, na hilo liandikwe kwenye karatasi ya kazi ili mtu yeyote atakayekinunua au kukirithi kichwa ajue.

Kazi yenyewe

Kabla ya kugusa bomba la sindano, ngozi ya kichwa na shingo ilichunwa. Mpangilio huu hauna mbadala. Fomalini ikishuka kwenye ngozi ya uso huikaza, nayo haitachukua dawa ya kuitengeneza vizuri wala haitavutika juu ya umbo la kutengenezwa la kichwa; macho na midomo ndiyo huumbuka kwanza. Kisu kilizunguka pale manyoya ya kichwa yanapokutana na mahameli, pakaachwa ukingo mwembamba wa kushonea. Kisha kipande cha utosi chenye pembe zake mbili kilikatwa kwa msumeno na kusafishwa hadi pasibaki ubongo wala nyama.

Usafi huo si wa urembo. Kulungu wa Amerika Kaskazini wanaugua ugonjwa wa kudhoofika wa kudumu, ambao ulionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1967 huko Colorado, na mwaka 2016 ulipatikana pia kwa reindia wa Norwei. Unasababishwa na prioni, protini zilizopinda vibaya, na fomalini haiziui. Prioni hizo zimeshapatikana hata ndani ya mahameli ya pembe za wapiti. Majimbo mengi ya Marekani yanazuia kuhamisha vichwa vizima kutoka maeneo yenye ugonjwa na kuruhusu kipande cha utosi kilichosafishwa, na baadhi ya sheria hutaka pembe zisiwe na tishu laini yoyote, jambo linalogusa mahameli moja kwa moja. Mwindaji asome sheria ya jimbo alilopatia mnyama na ya jimbo anakompeleka, kabla hajavuka mpaka.

Kipande cha utosi kilining'inizwa juu, pembe zikielekea chini, na beseni chini yake. Kila ncha ilipata tundu dogo la kuchanjia. Sindano nyembamba iliingizwa kwenye mishipa inayoonekana ikivimba kuzunguka shina, karibu na kichwa, na dawa ikasukumwa taratibu. Kwa kichwa kibichi ambacho hakijawahi kuganda, hapo damu huanza kutoka kwenye ncha, ikafifia, hadi kinachodondoka ni dawa safi, na sehemu kubwa ya kazi imekwisha. Hiki kiliganda kikayeyuka, kwa hiyo damu ilikuwa na mabonge na mishipa mingine imepasuka. Dawa iliingia ikagoma. Palipogoma, sindano iliingizwa upya kila baada ya sentimita chache kando ya shina na matawi, kidogokidogo, hadi kila sehemu ikapata. Ni kazi ya kuchosha, na subira ndiyo inayoiokoa: ukisukuma kwa nguvu, dawa huinua ngozi kutoka kwenye mfupa na kufanya uvimbe kama lengelenge la kuungua, ambao ukikauka huacha mkunjo usiofutika.

Ncha laini zilipigwa tena ubavuni, moja kwa moja kwenye gegedu. Ile ya kulia ilivuliwa utando uliokuwa unaachia, hadi pale vinyweleo vilipogoma kutoka, kisha gegedu likashibishwa dawa kutoka pande kadhaa. Mwishowe pembe zote zilipakwa dawa hiyo kwa brashi, na vinyweleo vikanyooshwa kufuata mwelekeo wake wa asili.

Kuhusu usalama nasema bila kupunguza neno. Mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka fomaldehidi kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mvuke wake huchoma macho na koo. Hatari ambayo wanaoanza hawaitarajii ni dawa kuruka nyuma: ndani ya pembe kuna shinikizo, na sindano ikiziba au ikichomoka, tone hurukia usoni. Miwani inayofunga pande zote huvaliwa kabla ya bomba kujazwa. Glavu za naitraili, chumba chenye hewa inayotolewa nje, chombo chenye maandishi, na kamwe si jikoni wala mahali watoto wanapopita. Mtu asiye na mazingira hayo ampe fundi kazi hii, au atumie dawa zisizo na fomaldehidi.

Ukaushaji ulifuata, pembe zikiwa bado zinaning'inia, chumba kikiwa na ubaridi na feni ikipuliza hewa bila kuzielekea moja kwa moja. Jua na hita hukausha ngozi ya juu kabla ya ndani, nayo hupasuka. Njia ninayoiamini ya kujua kwamba pembe zimekauka ni mizani: zipime kila wiki, na uzito ukiacha kushuka, maji yamekwisha. Kugusa kwa mkono hudanganya, hasa kwenye ncha.

Matokeo

Mashina na matawi yalikauka vizuri, mahameli ikashika, rangi ikakolea kidogo kuliko alivyokuwa mnyama hai. Fomalini hufanya hivyo, na mteja aambiwe mapema. Mchubuko wa tawi la kushoto ulifunikwa kwa nyuzi chache zilizochanganywa rangi mbili, na aliyesimama mbele ya kichwa hauoni.

Ncha ya kulia ilisinyaa. Gegedu laini likipoteza maji lazima lipungue, na hata ncha ambazo hazikuoza zilipungua kidogo. Ilijazwa kwa udongo wa epoksi hadi ikafikia unene wa mwenzake wa kushoto kama ulivyopigwa picha na kupimwa siku ya kwanza, ikapakwa gundi na kurushiwa nyuzi. Ukitazama kutoka mbele inapita. Ukisimama chini yake na kuangalia juu kwenye mwanga mkali, unaona mstari ambapo vinyweleo vya asili vinakoma na nyuzi zinaanza, kwa sababu nyuzi za kutengenezwa zina urefu mmoja na za mnyama hazina. Niliuacha mstari huo ulipo. Kuuficha kungehitaji kuvua mahameli nzima zaidi, na hiyo ndiyo aliyotaka ihifadhiwe.

Kichwa kiliondoka na maagizo mafupi: kikae mbali na jua la dirishani na mahali pa moto, kisishikwe pembe, vumbi lifutwe kwa brashi laini kufuata mwelekeo wa vinyweleo. Kila mara akague chini yake kama kuna unga au maganda, alama za nondo wa nguo na za wadudu wa ngozi wa jamii ya Dermestes. Vikionekana, kichwa kifungwe vizuri kwa plastiki na kukaa kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili.

Ncha ile ingeokolewa usiku uleule, kwa gharama ndogo sana. Mnyama avutwe kwa miguu ya mbele au abebwe, pembe zisiguse ardhi wala mkono. Kichwa kilazwe au kining'inizwe ncha zikitazama chini, zichanjwe pale pale ili damu ishuke na kutoka badala ya kutulia. Kifunikwe kwa kitambaa cha pamba kinachopitisha hewa, juu ya barafu iliyofungwa isichuruzike, na kifike kwa fundi kibichi ndani ya saa chache. Kama fundi yuko mbali, kiingie friza mara moja na kisitoke tena hadi siku ya kazi, na mwindaji ampigie fundi simu kabla ya kukigandisha, kwa sababu jibu la fundi kuhusu sindano au ombwe linategemea kama kichwa kimeganda au la.